Gunia Sita na Gunia Arobaini na Tano: Tunagombania Jeni Moja, Tumesahau Maelfu



Mimi naishi Iowa, katikati ya Marekani. Ukitoka mjini kwa gari dakika kumi tu, ni mahindi kulia na mahindi kushoto mpaka macho yanachoka. Msimu mmoja wa mavuno nilimuuliza mzee mmoja jirani yangu, mkulima wa siku nyingi, amepata kiasi gani. Akanitajia kwa busheli, kipimo chao. Nilipofika nyumbani nikachukua kalamu, nikazigeuza zile busheli kuwa magunia yetu ya kilo mia. Jibu likaja gunia 45 kwa eka. Jioni ile ile nikampigia simu mdogo wangu kule Mbozi. Yeye mwaka huo alipata gunia sita kwa eka.

Sita kwa arobaini na tano, jamani! Na mdogo wangu si mvivu. Jua linamkuta shambani na jua linamwacha shambani. Wala si yeye peke yake. Wastani wa mahindi Tanzania na Kenya kwa miaka mingi umekuwa ukizunguka kati ya tani moja na nusu na tani mbili kwa hekta, yaani kama gunia sita mpaka nane kwa eka. Wastani wa Marekani nzima siku hizi ni kama tani 11 kwa hekta, ambazo ndizo hizo gunia 45 za jirani yangu.

Lakini kuna jambo moja ambalo wengi wetu hatulijui, na mimi mwenyewe lilinishtua nilipolisoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, wastani wa Marekani ulikuwa kama busheli 25 kwa eka. Zigeuze busheli hizo: ni gunia sita na kidogo. Yaani babu yake jirani yangu na mdogo wangu wanalingana! Kwa hiyo swali si kwa nini Mungu aliwapendelea wenzetu udongo na mvua. Udongo ule ulikuwepo na mvua ile ilikuwepo. Swali ni kwamba ndani ya miaka tisini walifanya nini ambacho sisi hatujafanya?

Kila linapoulizwa swali hili kwenye vikao vyetu, iwe London, Muscat au Minneapolis, hazipiti dakika tano kabla mazungumzo hayajageuka kuwa vita ya GMO. Upande mmoja utasema ndiyo dawa ya njaa, tumechelewa, tunaogopa sayansi. Upande wa pili utasema ni sumu, ni ukoloni mpya, tunauzwa. Kelele zikiisha, kila mtu anakwenda nyumbani na msimamo aliokuja nao. Hoja yangu leo ni kwamba vita hii imetuziba macho. Tunagombania jeni moja au mbili, wakati mavuno ya nafaka yanaamuliwa na jeni nyingi mno, na hizo nyingi hatuna anayezishughulikia kwa bajeti ya maana.

Nianze na neno lenyewe, maana nimewahi kumsikia mzee mmoja akiuliza kwa nini wazungu wanatia majini kwenye mahindi. Nasema jeni, sijasema jini. Jeni ni maagizo yaliyoandikwa ndani ya kila chembe hai ya mmea, ambayo mtoto huyarithi kwa wazazi. Magazeti yetu huyaita vinasaba. Maagizo hayo ndiyo yanayosema bua liwe refu au fupi, mbelewele itoke siku ya hamsini au ya themanini, suke libebe punje mia au mia mbili, mzizi uende chini au utambae juu juu. Hakuna jeni moja iitwayo "mavuno". Mavuno ni jumla ya mambo haya yote kukutana na udongo, mvua na mkono wa mkulima.

Hata hivyo zipo jeni chache ambazo zimefanya makubwa peke yake, na ni vizuri tuzifahamu ili tujue uwezo wake na mpaka wake.

Chukua ngano. Zamani ngano ilikuwa ndefu. Ukiitia mbolea nyingi, suke lilikuwa zito, bua likashindwa kubeba, shamba zima likalala chini kabla ya kuvunwa. Kwa hiyo mbolea ilikuwa hasara. Mwaka 1935 Wajapani walitoa ngano fupi iitwayo Norin 10. Baada ya vita ikafika Marekani, kisha ikafika Mexico kwa Norman Borlaug, naye akaichanganya na ngano za kule. Ilipopata mbolea haikulala. Ile nguvu ambayo ingekwenda kwenye bua ikaingia kwenye punje. Ngano za ukoo huo ndizo zilizoiinua India na Pakistan miaka ya 1960, na Borlaug akapewa Nobeli ya Amani mwaka 1970. Siri yote ilikuwa jeni mbili zinazoufanya mmea usiisikie vizuri homoni yake yenyewe ya kurefuka. Wanasayansi wa Uingereza walikuja kuzieleza jeni hizo mwaka 1999, wakati dunia ilikuwa imeshakula mkate wake zaidi ya miaka thelathini.

Mpunga nao ni hadithi hiyo hiyo. Kule Ufilipino mwaka 1966 ulitolewa mpunga uitwao IR8, mtoto wa mpunga mrefu wa Indonesia na mpunga mfupi wa Taiwan. Ufupi wake ulitokana na jeni moja iliyoharibika, ambayo ikiwa nzima husaidia kutengeneza ile ile homoni ya kurefuka. Na mwaka 2005 Wajapani wakaonyesha jeni nyingine ya mpunga inayoongeza idadi ya punje katika suke, tena kwa njia ya ajabu: jeni hiyo kazi yake ni kuipunguza homoni inayochochea suke kutoa punje. Ikidhoofika, punje zinaongezeka. Lakini angalia walichofanya baadaye. Hawakuishia hapo, waliiunganisha na ile jeni ya ufupi, kwa sababu punje nyingi juu ya bua refu ni shamba kulala. Jeni moja huita nyingine. Hakuna inayofanya kazi peke yake.

Sasa turudi kwenye mahindi, ambayo ndiyo ugali wetu. Hapa Iowa alikuwepo mtaalamu wa kuzalisha mbegu aitwaye Donald Duvick. Yeye na wenzake walifanya jambo rahisi kulieleza lakini linalotaka subira: walichukua mbegu za kila kipindi kuanzia miaka ya 1930, wakazipanda pamoja katika shamba moja, kwa matunzo yale yale. Wakaona kwamba kama nusu ya ongezeko lote la mavuno, au zaidi kidogo, limetokana na jeni, na iliyobaki imetokana na mbolea, dawa za magugu, zana na utunzaji. Na vitu hivi viwili haviachani, kila kimoja kinamtegemea mwenzake.

Walichokiona kingine ndicho kilichonifikirisha zaidi. Ukipanda mhindi mmoja mmoja kwa nafasi kubwa, mbegu mpya haiishindi sana ya zamani. Tofauti inaonekana ukibananisha. Zamani Iowa walipanda kama miche 12,000 kwa eka. Leo wanapanda 32,000 na zaidi. Mbegu ya zamani ukiibananisha hivyo inagoma, mabua mengi yanatoka bila hindi. Mbegu ya leo inavumilia msongamano. Sisi nyumbani tunashauriwa sentimeta 75 kwa 30, ambayo ni kama miche 18,000 kwa eka, na wengi hatuifikishi. Kwa maneno mengine, kilichoongezwa kwa miaka tisini si ukubwa wa hindi, ni uvumilivu wa mmea. Na uvumilivu huo haukuletwa na jeni moja. Ni jeni nyingi ndogo ndogo, kila moja ikichangia kidogo, zilizochaguliwa mwaka hadi mwaka na watu waliokuwa wakitembea shambani na daftari mkononi.

Na GMO je? Naomba tuangalie tarehe tu, tuache hasira. Mahindi ya GMO yalianza kuuzwa kwa wakulima wa Marekani mwaka 1996. Mwaka 1994, kabla hata punje moja haijauzwa, wastani wa nchi hii ulikuwa busheli 138 na nusu kwa eka. Hizo ni gunia 35. Rudia kusoma, ndugu yangu. Kutoka gunia sita mpaka gunia 35 walifika bila GMO hata moja, kwa kuchanganya na kuchagua mbegu kwa njia ya kawaida, pamoja na mbolea na utunzaji. Na tangu 1996 mstari wa ongezeko umeendelea kupanda karibu kwa mwendo ule ule wa zamani.

Sisemi hivyo kuipinga GMO. Jeni ya Bt, iliyotolewa kwenye bakteria wa udongoni, inamuua bungua wa mabua, na mkulima aliyeshambuliwa anajua bungua ni nini. Tangu kiwavijeshi vamizi aingie Afrika mwaka 2016, haja ya kinga imezidi. Lakini tuiite kwa jina lake: hiyo ni jeni ya ulinzi. Inazuia usipoteze kile ambacho mbegu yako ilikuwa na uwezo wa kuzaa. Askari wa ghala ni mtu muhimu, ila askari hajazi ghala. Ukimpa bunduki mpya kulinda ghala lenye gunia sita, asubuhi utakuta gunia sita.

Sasa tazameni sisi tulivyotumia muda wetu. Tanzania ilipanda jaribio lake la kwanza la mahindi ya GMO pale Makutupora, Dodoma, mwaka 2016. Novemba 2018 serikali ikaamuru majaribio yasimame na mazao yateketezwe. Kenya ilipiga marufuku uingizaji wa GMO mwaka 2012, ikaondoa marufuku Oktoba 2022, na mabishano yakahamia mahakamani. Miaka kumi na zaidi ya makongamano, maandamano, matamko na kesi. Nauliza: katika miaka hiyo, nani aliandamana kwa sababu kituo cha utafiti wa mbegu hakina gari la kwenda shambani? Mbunge gani aliulizwa na wapiga kura wake kituo cha kanda yake kina wazalishaji mbegu wangapi?

Nisije nikaonekana nasema vitabu tu, wacha niwape habari za mdogo wangu, maana hizo gunia sita zina historia yake.

Mwaka wa kwanza nilimtumia pesa ya mbegu chotara na mbolea, akapata gunia 19 kwa eka. Tulifurahi kama tumeshinda bahati nasibu. Mwaka wa pili nilikuwa na matatizo ya kazi, pesa ikachelewa. Yeye kwa busara yake akachagua mahindi makubwa kuliko yote katika mavuno yake, akayapukuchua, akayapanda. Nani angemlaumu? Ndivyo mababu walivyofanya. Akapata gunia 11, na shamba, kwa maneno yake mwenyewe, lilikuwa kama abiria wa basi: warefu, wafupi, wanene, wembamba, wengine wametoa mbelewele na wengine bado.

Hapa ndipo elimu ya jeni inapogeuka kuwa mkate wa mtu. Mbegu chotara ni mtoto wa wazazi wawili waliofungiwa kila mmoja katika ukoo wake kwa vizazi kadhaa, mpaka kila mzazi akawa wa namna moja kabisa, na dhaifu. Wakikutanishwa, mtoto anatoka na nguvu kuliko wazazi wote wawili, na watoto wote wanafanana. George Shull aliieleza siri hii mwaka 1908. Lakini ukizipanda punje za huyo mtoto, jeni zinagawanyika upya kama karata zinazochanganywa, kila mmea unapata mkono wake, na sehemu kubwa ya ile nguvu inayeyuka. Robo ya mavuno inaweza kupotea, hata theluthi na zaidi, na mbolea ikipungua hali inazidi kuwa mbaya. Hakuna mtu aliyemweleza mdogo wangu jambo hili. Alipewa mfuko wa mbegu, hakupewa maelezo.

Mwaka wa tatu nikatuma pesa mapema. Akaenda duka la pembejeo, akanunua mfuko wenye picha nzuri na rangi zote. Mbegu nyingi hazikuota, na zilizoota hazikuwa zile zilizoandikwa. Ilikuwa mbegu feki. Akarudia kupanda mvua ikiwa imeshakwenda. Ndizo hizo gunia sita. Lebo za kuhakiki kwa simu zipo Tanzania, lakini kumbe hakujua kwamba inabidi kukwangua na kutuma namba kabla ya kulipa. Nami niliyeko Iowa na intaneti masaa ishirini na nne sikujua vilevile. Aibu hiyo naibeba mwenyewe.

Kwa hiyo mnaona, waungwana. Jeni zilezile nzuri zilikuwepo nchini. Zilimfikia mara moja, zikampotea mara mbili. Mara ya kwanza zilipotea kwa kukosa elimu, mara ya pili kwa wizi.

Wapo watakaosema: basi tuachane na mbegu za dukani, turudi kwenye mbegu zetu za asili. Naiheshimu hoja hii, na nusu yake ni kweli. Mkulima hapaswi kuwa mhalifu kwa kugawana mbegu na jirani yake, na ndiyo maana wengi tulifurahi Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilipobatilisha vifungu vya sheria vilivyomtishia kifungo na faini kwa kuuza au kugawa mbegu za kienyeji ambazo hazijasajiliwa. Mbegu za kienyeji pia ni hazina ya jeni. Siku ugonjwa mpya ukija, huenda dawa yake imo katika kibuyu cha bibi fulani kijijini. Lakini tusidanganyane. Mahindi yenyewe si ya asili yetu, yametoka Mexico yakavuka bahari. Tulichokiita cha asili ni kile ambacho babu zetu walikichagua kwa mikono yao kwa miaka mia kadhaa. Walikuwa wanafanya kazi ile ile ya Duvick, bila daftari. Kuwaheshimu ni kuiendeleza kazi yao, siyo kuisimamisha mahali walipoiachia.

Na isisemwe kwamba sisi hatuwezi. Kitale, Kenya, mtafiti Michael Harrison alileta mbegu kutoka milima ya Ecuador. Mbegu moja iliyopewa jina la Ecuador 573 ilichanganywa na mahindi ya Kitale, na mtoto wao akamzidi mzazi wa Kitale kwa kama asilimia 40. Mwaka 1964 ikatolewa kwa wakulima ikiitwa H611, nao wakaipokea kwa kasi ambayo wachumi wa miaka ya 1970 waliilinganisha na ile ya Iowa. Tanzania, kituo cha Ilonga kule Kilosa kilitoa mbegu za Staha, Kilima na Kito, ambazo mkulima anaweza kuzipanda tena bila hasara kubwa. Uyole, Mbeya, karibu kabisa na kwetu, wametoa chotara za UH615 na UH6303. Wataalamu tunao. Tunachokosa ni kuwaacha wafanye kazi bila kukatika.

Maana kazi hii haina mwisho. Mwaka 1999 lilitambuliwa rasmi kutu jipya la ngano lililoonekana Uganda, wakaliita Ug99. Liliishinda jeni ya kinga ambayo ngano nyingi za dunia ziliitegemea. Mwaka 2011 kule Bomet ukaonekana ugonjwa hatari wa mahindi, ule wa virusi viwili kwa pamoja, na karibu chotara zote zilizokuwa sokoni zikaonekana hazina kinga. Mbegu iliyokuwa fahari ya nchi leo, kesho inaweza kuwa kuni. Nchi isiyo na wazalishaji mbegu wake itakuwa ombaomba wa jeni kila ugonjwa unapobisha hodi.

Iowa hawakufika hapa kwa muujiza. Ni kweli kampuni zilifanya kazi kubwa. Henry Wallace alianzisha kampuni yake ya mbegu chotara hapa mwaka 1926, baadaye akawa waziri wa kilimo, kisha makamu wa rais. Lakini chini ya kampuni kulikuwa na mkono wa umma. Vyuo vya kilimo vilianza kwa sheria ya mwaka 1862, vituo vya utafiti kwa sheria ya mwaka 1887. Mzazi mmoja maarufu wa mahindi chotara, B73, alitolewa na chuo kikuu cha umma cha Iowa State mwaka 1972, kampuni zikamtumia kutengeneza mbegu zao. Wenzetu wanaotuhubiria kwamba soko huria litatuletea kila kitu, kwao walianza na kodi ya wananchi, na wakaendelea nayo zaidi ya miaka mia.

Sisi viongozi wetu walikutana Maputo mwaka 2003, wakaahidi asilimia kumi ya bajeti kwa kilimo. Wakakutana Abuja mwaka 2006, wakaahidi kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa hekta ifikapo 2015. Wakakutana Malabo mwaka 2014, wakairudia ile asilimia kumi. Nchi nyingi hazikufika. Mbegu bora bila mbolea ni kama kumsomesha mtoto chuo kikuu kisha ukamnyima chakula.

Sasa zamu yetu sisi tulioko nje. Hapa Des Moines kila mwaka hutolewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Mwaka 2009 aliipokea Mwafrika mwenzetu, Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia. Alisomea Purdue, Indiana, akaenda Sudan, na mwaka 1983 ikatolewa huko mbegu yake chotara ya mtama. Akarudi Purdue, akamgeukia kiduha, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mtama na mahindi. Mbegu ya kiduha hulala udongoni miaka mingi mpaka isikie kemikali ya mzizi wa mtama ndipo iamke. Ejeta na wenzake waliutafuta mtama usiomwamsha. Mwaka 1994 tani nane za mbegu zao ziligawanywa katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya na Rwanda zikiwemo. Jeni inayohusika ilikuja kutambuliwa mwaka 2017, na wala haikuwa GMO. Huyo ni mtu wa ughaibuni kama mimi na wewe. Hakutuma gunia la unga nyumbani, alituma jeni.

Si wote tutakuwa Ejeta. Mimi nafanya kazi ya zamu kiwandani. Lakini vyama vyetu vya ughaibuni vinavyochangia sherehe na safari za viongozi vinaweza kumlipia kijana mmoja masomo ya uzalishaji mbegu pale Sokoine, Morogoro. Tunaweza kumuuliza kila kiongozi anayepita huku kutuomba tuwekeze: bajeti ya utafiti wa mbegu mwaka huu ni shilingi ngapi, na iliyotoka kweli ni ngapi? Na kila mmoja wetu anapotuma pesa ya mbegu anaweza kutuma na maelezo: hii ni chotara, usiirudie, hii ni ya kurudia, chagua mahindi katikati ya shamba siyo pembeni, kwangua lebo kabla hujalipa. Maelezo hayo hayana makato ya kutuma.

Kuhusu GMO, tuendelee kubishana, ni haki yetu. Kila mbegu ipimwe kwa ushahidi wake, ikifaa ipite, isipofaa ibaki. Ila tukubaliane kwamba hata mshindi wa ubishi huo, awe nani, hatamtoa mdogo wangu kwenye gunia sita kama Uyole haina fedha, duka linauza mbegu feki na bwana shamba haonekani kijijini.

Msimu uliopita tulifanya alivyoelekezwa na watafiti: mbegu yenye lebo iliyohakikiwa, mbolea kwa wakati, nafasi kwa kamba. Amepata gunia 21. Bado hatujamfikia jirani yangu, lakini babu yake tumeshampita.

Nawasilisha. Mungu ibariki Afrika.